Senge, Nimebadilisha Mashine Yako

Senge,

Mtoto amelala kwenye katoni ya karatasi chini ya meza, miguu imeanza kutokeza nje, kwa hivyo naandika haraka. Wewe shangazi yangu ndiye uliyenilea na kunifundisha kuchapa, basi jambo hili nilitaka ulisikie kwangu. Nimeleta kompyuta mpya hapa ofisini kwako Kaplong.

Najua uliniambia nini ukiwa kitandani siku zako za mwisho. "Mashine yangu isiguswe." Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Nisamehe.

Kampuni ni ile ile, lakini wamebadilisha chipu, ubongo wa ndani. Nilimuuliza muuzaji wa Kericho kwa nini, ilhali ya zamani haijatukosea. Akasema imefika mwisho wa mbio zake, kampuni zingine zinawapita, na haina tena cha kukamuliwa. Sasa programu mpya zinaandikiwa chipu mpya tu. Ningengoja, ningebaki na mashine ambayo hakuna anayeijali.

Programu zako zinajua lugha ya chipu ya zamani, kwa hivyo ndani ya hii wameweka mkalimani. Ni kama wewe Jumapili, mhubiri akisema Kiswahili nawe ukigeuza kwa Kipsigis. Ujumbe unafika, lakini ibada inachukua muda maradufu na watu wanatoka na njaa.

Mzee wa kanisa alisimama nyuma yangu akitazama ukurasa ukijivuta. "Hii ndiyo mpya? Ya marehemu ilikuwa inakimbia." Akina mama wa kwaya wakasema watangoja kwanza waone kadi za harusi za wengine zikitoka salama. Shule mbili zimepeleka mitihani ikachapwe Sotik. Senge, ofisi hii ndiyo inatulisha mimi na mtoto. Wiki nzima nilijiambia nimeifunga kwa mikono yangu.

Halafu ikaja programu ya kuandikia iliyotengenezewa chipu hii yenyewe. Haitaki mkalimani. Inaruka. Lakini ile orodha yako, maneno uliyoifundisha mashine moja moja ili isiyahesabu kuwa makosa, ilikataa kuhama. Nikaichapisha kutoka kwa mashine yako, niiingize upya kwa mkono.

Nilipofika kwa P, nikaipata: Pwana. Kumbe miaka yote mashine iliruhusu "Pwana asifiwe" kwa sababu wewe uliiambia ni sawa. Nilicheka peke yangu, mvua ikipiga mabati, kisha kicheko kikageuka kilio. Ilikuwa sauti yako kabisa, ile B yako ya Kipsigis inayotoka P.

Neno hilo sikuliingiza. Kwenye kitabu cha nyimbo ulichokuwa ukikichapa ukakiacha katikati nitaandika Bwana, maana jina lako bado liko mlangoni na kazi lazima iwe safi. Lakini ile karatasi yenye Pwana nimeikunja ndani ya Biblia yangu.

Mashine yako nimeifunika kwa leso yako. Sitaiwasha tena, na sitaiuza.

Pumzika, Senge. Zile shule mbili nitazirudisha.

Chelangat wako