Ulivyoniita Bitana

Kwako Mama, huko uliko,

Leo jua la saa kumi limeingia kibandani kwetu Kenyatta Market, likapita katikati ya magauni yaliyotundikwa, na kwa muda kila kitu kikawa na rangi ya chai ya maziwa. Nimesimamisha cherehani. Nimekukumbuka.

Hapa ndipo uliponifundisha kazi nilipomaliza shule. Hukunipa mkasi. Kwanza ulinipa majina. Ulishika gauni la mteja ukapitisha kidole polepole: "Hii ni kola. Hapa bega, hapa kwapa. Haya ni marinda. Hii ya ndani ni bitana." Nikikosea, ulirudi kwenye kola ukaanza upya. Moshi wa nyama choma ulituzunguka, nami macho yakawa mazito.

Kisha kiharusi kikakupata. Ulirudi nyumbani Waithaka kutoka hospitalini mkono wa kulia umelala na maneno yamekupotea. Ukitaka maji ulinitazama tu, machozi yakikulengalenga. Wiki zikapita bila wewe kutaja hata jina langu.

Alasiri moja nilikuwa natia vifungo kwenye gauni, nimeketi kando ya kitanda chako. Ukanyoosha mkono wa kushoto, ukaligusa. "Kola," ukasema. Nikaiacha sindano kwenye kitambaa, nikiogopa kukukatiza. "Bega. Kwapa. Marinda." Sauti yako ilikuwa kama ya mtu anayeongea ndotoni.

Tangu siku hiyo tukawa na lugha yetu. Ukisema "zipu," nafungua dirisha. "Mfuko" yalikuwa maji, sijui kwa nini. "Marinda" ulisema ukifurahi, hasa mvua ilipopiga mabati.

Na mimi uliniita Bitana. "Bitana, kuja." Hilo liliniuma kuliko kimya chako. Mwishowe nikakuuliza, "Mama, mimi ni nani?"

"Bitana."

"Hapana, Mama. Mimi ni Nafula."

Ukatikisa kichwa, vile ulivyozoea nilipopindisha mshono. Ukaingiza mkono ndani ya koti langu, ukapapasa kitambaa cha ndani. "Karibu," ukasema. Ukalitafuta neno lililofuata kwa muda mrefu. "Karibu na ngozi."

Nilitoka nje hadi kwenye kamba ya nguo, nikalia nimejificha nyuma ya shuka.

Uliniacha Jumapili asubuhi, watu wakienda kanisani, mkono wako ukiwa mkononi mwangu. Gauni lako la mwisho nililishona mwenyewe. Shangazi alitaka kunisaidia, nikakataa.

Wiki iliyopita mteja wako wa zamani kutoka mtaa wa Jamhuri alikuja na binti yake mdogo na gauni la buluu. "Mama yako ndiye alishonea dadake hii," akaniambia. "Sasa ni ya huyu, lakini amemzidi dadake urefu. Unaweza ongeza?"

Nikafumua pindo bila matumaini. Mama, ulikuwa umekunja humo ndani vidole vinne vizima vya kitambaa. Nje gauni limepauka, lakini pale buluu ilikuwa ileile ya siku ulipoikata. Nikalishusha pindo, nikapiga pasi. Msichana akalivaa, likamfika chini ya magoti. Akazunguka mara mbili mbele ya kioo, kisha akainama kuutazama ule ukanda mpya.

"Nani alijua nitakuwa mrefu?" akauliza.

Nikamwambia jina lako.

Pumzika, Mama.

Binti yako wa kwanza