Matone ya Macho ya Mama

Misunkumilo, Mpanda

Kaka Ubaldo,

Huku tumemaliza kuvuna mpunga, tunashukuru. Lakini ile bima uliyomkatia mama imenichefua. Wakala alikwambia inalipa dawa zote za wazee, nawe ukalipia bila kuuliza kama dawa za mama zimo. Hospitali wakasema matone yake ya presha ya macho hayamo, wakampa panado. Mama aliona haya kukusumbua, akanyamaza mpaka jicho la kulia likazima.

Jumapili wakala alikuja kanisani kuandikisha wazee. Nikamuuliza mbele yao, "Matone ya mama yangu yamo?"

Akatabasamu. "Dada, tuongee pembeni."

Wazee wakainuka, wakamwacha. Nilitamani kutema mate.

Ukitafuta bima nyingine, uliza kwanza matone hayo kwa jina. Jicho la kushoto bado linaona.

Mdogo wako,
Paskalia