Tarehe ya Leo

Jumatatu, 2 Februari 1998

Idd imekwisha, biskuti zimekwisha, na kompyuta imekufa. Karibu kazini, Zulaika!

Haijafa hasa. Inawaka. Inalia mara mbili, inaandika mambo yake ya Kiingereza, nabonyeza kitufe kama inavyotaka, inaendelea. Kisha nafungua programu ya majina. Lile jicho la buluu, nembo yake, linatokea katikati ya kioo — na hapo hapo linaganda. Linanitazama, nalitazama. Nimezima na kuwasha mara saba. Mara saba jicho lile lile!

Wagonjwa 146 wa macho wamo ndani ya programu hiyo. Jina, kijiji, jicho gani, dawa gani haimfai. Madaktari wa kupasua macho wanafika Koboko Ijumaa, kwa siku mbili tu, na hawamgusi mtu asiye kwenye orodha. Kadi za karatasi? Mchwa walizila stoo mwezi wa kumi na moja. Tulicheka. Tulisema, si tuna kompyuta!

Bwana Adriko, mkuu wetu hapa Arua, ameniuliza nimebonyeza nini. Kama vile nimeua mtu. Mdomoni nimemjibu vizuri. Moyoni, hapana.

Mlinzi wetu, Mzee Nasuru, amekuja kusimama nyuma yangu, kofia mkononi. Mkewe, Mama Hawah, ni namba 31. Miaka sita haoni, macho yote mawili.

Jumanne, 3 Februari

Jicho. Jicho. Jicho. Nimeliota hata usiku.

Fundi wa Kampala kwenye simu: atakuja baada ya wiki mbili, na tusiiguse. Wiki mbili! Bwana Adriko alisikia kwenye semina moja kwamba kompyuta hupata virusi, basi leo kaamua ni virusi, na kafungua madirisha yote. Mkubwa hakosei.

Mwenye adabu na mashine hii ni Mzee Nasuru peke yake. Kila tukifunga ofisi anaifunika na blanketi lake la jeshi, anafunga kamba, vumbi lisiingie. Chai haipiti karibu nayo. Nimeona watoto wachanga wanaobebwa ovyo kuliko hiyo kompyuta. Alikuwa mtu wa redio jeshini mpaka 1979, na bado anatembea kama anasubiri kuitwa.

Ndiye aliyetupa wazo. Huko Koboko, alisema, kuna mwanamke anayetengeneza redio za malori ya Oraba, mpakani. Rosa Kiden. "Hiyo iko mutoto ya Jale, rafiki yangu ya jeshi. Yeye anajua kusikiliza mashini."

Bwana Adriko aliguna. Fundi wa malori! Lakini hana mwingine. Tumemwita kwa redio ya ofisi yetu ya Koboko. Kajibu maneno mawili tu: nakuja kesho.

Jumatano, 4 Februari

Nimechoka, lakini lazima niandike.

Alifika saa nne juu ya lori la simsim. Vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Bisibisi mbili zimechomekwa kwenye kilemba. Alinawa uso, akakataa soda, akakaa kando yangu. Hakuigusa mashine.

"Dada, washa. Washa kama siku zote. Usifanye vizuri juu ya mimi naangalia."

Nikawasha. Ikalia mara mbili, ikaandika Kiingereza chake, nikabonyeza kitufe — akanikamata mkono.

"Hapo imesema nini?"

Nikasema sijui, inasema hivyo kila siku. Toka lini? Toka Jumatatu. Akanigeukia polepole.

"Kila asubuhi inakuambia ugonjwa yake, na wewe unaifunga mdomo?"

Loo! Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Mimi niliyesoma Kiingereza mpaka fomu foo! Tukawasha upya, safari hii nikasoma. Ilikuwa inasema haijui tarehe. Rosa akaiuliza leo ni lini. Ikajibu tarehe mosi, Januari 1980.

1980! Mwaka huo nilikuwa na miaka minane, na kabla haujaisha tulikimbia vita, tukavuka kwenda Zaire na sufuria moja. Bwana Adriko alisema kwa sauti ndogo, mwaka ule tena.

Rosa alifikiri, akachora mstari kwenye karatasi. Programu hii, alisema, kila ikifunguka inahesabu siku, kuanzia siku tuliyoandika mara ya mwisho mpaka leo. Ya mwisho ni wiki jana, kabla ya Idd. "Lakini leo yake iko 1980. Basi inatembea mbele, mbele, inatafuta 1980 huko mbele. Itapata wapi? Haijaganda. Iko njiani."

Iko njiani! Siku tatu naitukana, kumbe maskini inatembea.

Akafungua sanduku. Hapakuwa na kilichoungua wala waya uliokatika. Palikuwa na kitundu cha duara, kitupu. "Hapa palikuwa na jiwe, betri ndogo ya kutunza tarehe. Nani ametoa?"

Bwana Adriko akanitazama mimi. Mimi tena! Nilikuwa nafungua mdomo tugombane, sauti ikatoka mlangoni.

"Iko mimi."

Mzee Nasuru alitupeleka nyuma ya ofisi. Juu ya kipande cha bati, juani, mawe manne ya redio yake yamepangwa mstari mmoja. La tano ni bapa, dogo kama sarafu.

Alieleza akitazama chini. Ofisi ilikuwa inafungwa siku nne za Idd. Jeshini, redio isipotumika unatoa mawe, yasije yakatoa maji yakaila. Halafu unayaanika, jua linayarudishia nguvu. Jiwe la kompyuta alikuwa ameona linapokaa siku fundi wa Kampala alipokuja mwaka jana. Alitaka kulirudisha Jumatatu alfajiri, akakuta Bwana Adriko amewahi. Kisha mashine ikaugua, naye akaogopa kufungua mgonjwa.

"Jina ya Hawah iko ndani," alisema. "Mimi nataka jiwe ikae na nguvu. Akiba haiozi."

Nilijua Bwana Adriko atalipuka. Shingo ilishavimba. Lakini Rosa alichuchumaa, akaliokota lile jiwe, akalifuta na kitenge chake.

"Baba yangu Jale alifanya vilevile, Mzee. Redio yetu pale Yei ilikaa miaka kumi na moja. Hukukosa. Hii tu si redio."

Sikuwahi kuona fundi wa namna hii. Wengine wakigundua kosa lako wanakuvua nguo mbele za watu. Huyu alimvika mzee heshima yake kwanza, ndipo akarudi kwenye kazi. Nampenda Rosa Kiden! Naandika hapa kwa sababu usoni sitaweza kumwambia.

Jiwe halikupona. Jua limelimaliza au uzee, Rosa hajui, na la namna hiyo Arua hakuna. Haidhuru, alisema. Kila asubuhi, kabla ya programu, mtu aiambie mashine tarehe ya leo. Basi. Akaandika 4-2-1998. Jicho la buluu likatokea. Tukabana pumzi. Jicho likaondoka — na majina yakashuka, yote! Bwana Adriko aliruka kama mashabiki wa mpira goli likiingia.

Alhamisi, 5 Februari

Saa mbili kamili Mzee Nasuru alisimama wima mbele ya meza, visigino pamoja. "Leo tarehe tano, mwezi ya pili, tisini na nane!" Nikaandika. Ikafunguka.

Printa ilipiga kelele mpaka saa tano. Majina 146. Mzee hajui kusoma, akaniomba kidole chake nikiweke kwenye 31. Nilikiweka. Kikakaa.

Jumamosi, 7 Februari, Koboko

Naandika nyuma ya nakala ya orodha, niko benchini. Jana Mama Hawah alipasuliwa jicho la kulia. Jingine watalifanya mwakani. Leo bandeji zinatolewa, nesi anakuja kwa mstari kutoka mwanzo wa benchi.

Namba 28. Mzee mmoja anazitazama kucha zake tu, hamtazami mtu.

Nilidhani Mzee Nasuru atakaa mbele. Yuko nyuma yangu, amejificha! Kanyoa ndevu, kaazima koti. Rosa yuko mlangoni, anazuia kicheko.

29. Mama analia, nesi anamkataza, jicho lisilowe.

Nimemwambia Mzee, nenda mbele basi, wewe ndiye mumewe. Amekataa. Ananinong'oneza: mara ya mwisho Hawah alimwona alikuwa na meno yote na nywele nyeusi. "Kwake mimi bado iko mwaka ile. Sasa atafungua jicho. Nani ataambia yeye tarehe ya leo?"

Nimemnyooshea kola ya koti.

30 amekwisha. Nesi amefika. Mama Hawah amekaa kimya, mikono kwenye magoti. Plasta ya kwanza imetoka. Anauliza, Nasuru iko wapi?

Mzee amevua kofia. Ameivaa. Ameivua tena — anapita mbele yangu —