Nyimbo za Shangazi Ndani ya Sanduku

Jumatatu, 5 Februari 1996. Lodwar.
Nimefuta vumbi tena. Asubuhi nafuta, mchana limerudi. Kompyuta bado imekaa mezani bila kuwashwa, tangu nitoke nayo Amerika nimeiviringishia blanketi. Umeme wa kule ni volti mia moja na ishirini, wa hapa mia mbili na arobaini. Naogopa kuichomeka. Shangazi Nakiru akiipita anaguna tu.

Jumatano, 7 Februari.
Diski zenye nakala za nyimbo zimeharibika. Kanda nilizorekodia pia. Kitale nilimpa dereva wa basi mkoba auweke mbele kwenye dashibodi, mahali pa heshima, pasipokanyagwa. Ukapigwa na jua njia nzima. Leo ndio nimeufungua: vyote vimejikunja kama chapati. Kina mama saba waliniimbia nyimbo zao za kubembeleza watoto kabla sijaenda kusoma. Sita wamefariki, amebaki shangazi. Sasa nyimbo ziko ndani ya sanduku la kompyuta tu, nilikochapa maneno yake. Nimelia sana.

Ijumaa, 9 Februari.
Nyuma ya sanduku kuna swichi ndogo nyekundu. Upande huu 115, upande ule 230. Nimeisukuma kwa bisibisi. Kumbe rahisi hivyo! Nimejiona fundi. Kesho nawasha.

Jumamosi, 10 Februari.
Nimeua. Feni ilizunguka, nikapiga makofi, mara skrini ikalia pa! Moshi. Nikachomoa. Nimekaa sakafuni mpaka akili ikarudi, nikafuata waya. Waya wa umeme wa skrini hauendi ukutani, unaingia mgongoni mwa sanduku, na umeme wa ukutani unapita hapo moja kwa moja. Kwa hiyo swichi ililinda sanduku peke yake, skrini ikapewa umeme wote wa Lodwar. Na nyuma ya skrini imeandikwa 120, wazi kabisa. Sikusoma. Mjinga mimi. Kama sanduku lenyewe li hai, sijui. Shangazi kaniuliza kama hicho kitu kimekufa. Nimemjibu vibaya.

Jumatatu, 12 Februari. Kakuma.
Basi tena. Sanduku mapajani, limefungwa kanga. Kondakta alitaka kuliweka mbele, nikamkatalia kwa ukali, abiria wakageuka. Nimekuja kwa Deng, mwalimu Msudani tunayejuana naye kanisani. Anafundisha kuchapa kwenye kambi ya wakimbizi na ana skrini ya umeme wa huku. Nimefika jenereta imeishiwa mafuta. Eti kesho. Nina hasira na dunia nzima.

Jumanne, 13 Februari.
"Dada, tuombe kwanza, halafu mimi naweka waya," Deng akasema. Akaomba kwa Kiarabu cha Juba, ombi refu mno. Skrini ikakaa nyeusi. Ikazidi kukaa nyeusi. Kisha herufi. Zimo! Nyimbo zote, za mama wote saba. Nimemkumbatia Deng mbele ya wanafunzi wake, wakacheka. Printa yao imelia mpaka karatasi ya mwisho.

Alhamisi, 15 Februari. Lodwar.
Nimemwomba shangazi radhi, nikamsomea wimbo wake. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema haujaisha. Nikamwonyesha karatasi. Akaisukuma kando.

"Ubeti wa mwisho haimbiwi mtu anayeondoka. Anaimbiwa akirudi, akikaa karibu. Wewe tangu urudi umekaa na sanduku."

Nikasogea, nikakaa. Akaniimbia. Kalamu ilikuwa chumbani, sikuinuka kuifuata.