Mlinzi wa Mayai ya Membe

Kipini, 2 Julai 1957

Kaka yangu Abdulsalam,

Pokea salamu zangu za moyo, nami natumai hujambo na upepo wa kusi haujakuchukua pamoja na hema lako. Sisi tu wazima kwa uwezo wake Mola. Mama anakusalimu sana. Mpaka leo haamini kuwa serikali imemweka mtu mzima kisiwani kulinda mayai ya ndege.

Kaka, hali hapa ni mbaya. Mto ulifura mwezi wa Mei ukazoa mpunga wetu wote wa Kau, na malori ya unga yamekwama Garsen, barabara ni matope matupu. Mama anakula mara moja kwa siku, kisha anasema ameshiba. Athman anataka kuja huko kuokota mayai ya hao ndege membe, kama marehemu baba alivyokuwa akituletea kila mwaka. Mume wangu si mwizi, unamjua. Nakuomba uangalie pembeni, basi.

Ni mimi dadako,
Mwanahamisi

Kisiwani, 9 Julai 1957

Dada yangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata, nami narudisha mara mia. Mwili mzima, ila kupe wa ndege wananila. Mbusu mama mkono. Anayekuletea barua hii ana samaki wenu wawili wakavu, ng'onda, msimwachie akawala.

Usimwache Athman aje. Yule Mzungu anayeleta maji kwa mashua kila wiki mbili huhesabu viota kimoja kimoja. Ndege hawa si wetu peke yetu. Nilimshika mmoja ana pete ya bati mguuni, imeandikwa lugha nisiyoijua, na Mzungu alifurahi kama aliyepata mtoto. Anasema watu wa nchi nyingi wameandikiana wawalinde, maana wanapungua kila pwani. Mimi sababu yangu ni nyingine. Baba alikuwa akiwafuata membe. Walipopiga mbizi, hapo ndipo alipotupa wavu. Siku hizi wavuvi wetu wanazunguka kutwa hawajui samaki wako wapi. Tumeyala mayai mpaka hatuna wa kutuonyesha.

Vumilieni. Mshahara ukija nitawatumia wote.

Kakako,
Abdulsalam

Kipini, 30 Julai 1957

Abdulsalam,

Salamu. Mama hajambo. Mimi sijambo.

Athman amefungwa Lamu miezi mitatu. Askari walikuja nyumbani wakimtafuta kwa jina, na maganda ya mayai bado yako jikoni. Mayai arobaini, Abdulsalam. Manane alikula mama. Askari alikuwa na karatasi, akanionyesha. Mwandiko ule ninaujua tangu chuoni, tulikaa mkeka mmoja.

Baba alipokufa wewe ndiye uliyekuwa walii wangu. Ulimshika Athman mkono mbele ya watu ukaniozesha kwake. Leo mkono uleule umemwandika. Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wewe umenimaliza.

Usiniandikie.

Mwanahamisi

Kisiwani, 6 Agosti 1957

Dada yangu,

Salamu nakupa, hata kama hutaki kuzipokea. Natumai mama anapata usingizi.

Mzungu alihesabu viota, vikapungua, akaniuliza ni nani. Ningenyamaza angesema nimekula mimi. Nikadhani shemeji wa mlinzi atakaripiwa tu, na wengine wataogopa. Nilimwona Athman akiokota, nikamsihi, akanicheka na kuniita Bwana Ndege. Nilikasirika pia, sitakuficha. Niliandika jina lake nikiwa na hasira, dada.

Wavuvi hawashuki tena hapa. Zamani waliniachia debe la maji na mazungumzo kidogo. Sasa wakiniona pwani wanageuza chombo.

Nijibu hata neno moja.

Kakako

Kisiwani, 20 Agosti 1957

Mwanahamisi nduu yangu,

Nisamehe, salamu zangu ni fupi. Barua hii naitia ndani ya kopo na kumrushia yeyote atakayepita karibu.

Mashua ya maji haijaja siku ya ishirini na sita leo. Nimeandika ofisini mara tatu kwa njia hii hii, kimya. Pipa limebaki tope. Kisiwa hiki hakina kisima wala mti. Nakunywa kikombe kimoja kwa siku na ulimi umevimba. Jana chombo kilipita, nikaingia baharini mpaka kifuani nikipiga kelele. Walinitazama wakapita.

Sina haki ya kukuomba. Nakuomba. Sitaki kufa hapa.

Abdulsalam

Kipini, 23 Agosti 1957

Kaka,

Salamu, na Mungu akukutanishe na barua hii ungali hai.

Kopo lako limefika. Nimelia, kisha nikavaa buibui nikatoka. Karani wa hapa anasema mashua ya ofisi imepasuka, inangojewa mbao. Nimepita nyumba saba za wenye vyombo nikiomba msaada. Katika ya tano mke wa nahodha aliniambia, "Mwambie anywe mayai."

Anayekuletea barua hii ni Kassim, ndugu yake Athman. Amekubali, na lazima nikueleze kwa nini. Ana madebe matatu ya maji. Hatayashusha mpaka uisome hii. Utakwenda kukaa upande wa kusini ukitazama bahari, naye Kassim na wenzake wataokota mayai mpaka wamalize. Kisiwa kizima. Nimeshakubali kwa niaba yako. Hasira ninazo, lakini sina kaka mwingine.

Dadako

Kisiwani, 24 Agosti 1957

Dada yangu,

Salamu na shukrani. Nimekunywa. Naandika nimewapa mgongo.

Wako saba. Ndege wamepaa wote, wanalia juu ya kichwa changu hata sisikii mawimbi. Kassim ndiye aliyenishikia kata ya maji mdomoni, wala hakunitukana.

Wamemaliza. Nimemwomba anichukue nirudi naye. Akanijibu kwa upole, "Bwana Ndege, yeo mtumbwi umeyaa mayai. Huna pa kuketi." Kweli, hapana nafasi.

Nilimfungisha mume wako kwa mayai arobaini, nami nimetoa kisiwa kizima kwa madebe matatu. Ndani ya hii mna barua ya ofisi. Nimeandika kwamba mayai yote yamekwisha na aliyeyatoa ni mimi. Mwingine sikumtaja. Za maji hawakujibu, lakini kwa hii ya mayai watakuja mbio, hata kwa mashua ya askari. Sikuifunga. Isome, ukipenda mpe karani, ukipenda itie motoni. Maji yatanitosha siku kumi.

Kakako,
Abdulsalam

Kipini, 27 Agosti 1957

Kaka yangu,

Nakusalimu, na mama anakusalimu. Kassim alituachia kikapu cha mayai mlangoni. Nikampelekea jirani, mama akanigombeza, naye ana njaa, ana haki.

Barua yako ya ofisi nimeisoma mara tatu. Mara mbili nilisogea jikoni nayo. Ukifungwa na wewe, nani atabaki nyumba hii? Nikakumbuka maji yako ni ya siku kumi tu. Nikampelekea karani kwa mkono wangu, nikasimama pale mpaka akaigonga muhuri.

Hii nimempa yeye huyo karani, waje nayo hao wanaokuja kukukamata.

Niliporudi mama aliniuliza nimetoka wapi na jua lile. Nikamwambia nilikwenda kuuliza mtarudi lini, wewe na Athman.

Dadako,
Mwanahamisi