Kazi ya Kuangalia Moto Bila Ndoo

Shangazi yangu mpenzi,

Jana nimekipandisha tena kile kiwango cha hatari, na leo Ijumaa sina pa kwenda kula.

Unakumbuka ulivyoicheka kazi yangu? Nilikueleza kwamba nakaa ofisini nasoma matamshi ya wakubwa wenye mabomu ya nyuklia, natazama picha za setilaiti, halafu naandika hatari imefika wapi, tangu moja, shwari, mpaka tano, vita. Ukaniuliza, "Na wakishaisoma hiyo ripoti wanafanyaje?" Nikasema sijui, inakwenda ghorofa ya juu na hairudi. "Basi wewe mwenzangu unaangalia moto, na ndoo huna." Nilikasirika siku ile, kwa sababu ni kweli.

Lakini hukucheka uliponiomba lile moja. Mlikimbia Unguja wakati wa mapinduzi, wewe mtoto wa miaka saba, miguu mitupu, na mpaka uzeeni hukupenda mtu aweke viatu mbali na mlango. "Nnakuomba, mwanangu. Siku ukiona mambo yamekaribia, niambie mapema." Nikakuahidi, na kiapo cha kazi nilikuwa nimeshakila, kwamba ya ofisini hayatoki nje.

Ikaja Ijumaa ile. Alkhamisi yake nilikuwa nimeandika nne. Nikaendesha gari kutoka kwangu Al Khoudh mpaka kwako Al Amerat, kama kila Ijumaa, ukanipakulia biriani, ukaniuliza, "Kwema huko?" Nikasema, "Kwema, shangazi." Ukaitazama sahani yangu, nyama sijaigusa. Hukuniuliza tena. Mambo yakatulia yenyewe, si kwa ripoti yangu, nami nikajiambia khalas, yamepita.

Mwezi uliopita, baada ya kukuzika, nimesafisha chumba chako. Nyuma ya mlango nimekuta mkoba. Ndani mna chupa ya maji, tende zilizofungwa kwa gazeti la Jumamosi iliyofuata Ijumaa ile, na raba zangu za chuo, umezifua nyeupe pe. Chako hamna hata kimoja. Nimepekua mpaka chini.

Ulijua, ukanyamaza, ukanifungia mimi safari.

Naona aibu, shangazi. Naona aibu na naogopa, na sasa sina hata wa kumdanganya. Jana nimeandika nne tena, na ghorofani kimya. Nimezijaribu zile raba. Zinanibana, na pa kukimbilia sipajui.

Nimezirudisha nyuma ya mlango. Nimeweka na ndara zako pembeni yake.

Mola akulaze pema,
mtoto wa kaka yako, uliyemlea