Chupa ya Baba Mkwe

Dada Inamahoro wa Ujiji, shikamoo.

Hapa kambini kwa wakimbizi hatujambo. Mwanangu Kaneza ameota meno. Viatu ulivyoninunulia soko la Mwanga vinanibana, miguu imevimba.

Watafiti wa figo walipita hapa, wakampa baba mkwe chupa ya kutilia mkojo wa kupimwa, nami nikatumwa kuirudisha. Mzee akakataa katakata: mkojo wake hauwezi kubebwa na mke wa mwanawe! Niliogopa tutaandikwa wakaidi, nikajaza wangu, nikaupeleka kwa jina lake.

Jana daktari kaja kumwambia Mzee figo zake zimechoka sana, aache kazi ngumu. Mzee kacheka, kachukua jembe, kaenda kupalilia.

Mume wangu anamlilia baba yake. Sijamwambia kitu.

Kaneza akianza kula ugali, njoo umchukue.

Mdogo wako,
Manariyo